Mwaka wa tatu Dhaka: nauli inaanzia chini ya jero, foleni saa mbili, na kesi yangu na mama wa usafi

#1 Mtanga Mbali

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kuna mdau aliuliza humu kama yupo Mswahili anayeishi Dhaka, Bangladesh, kwa vile kapata kazi huko. Akajibiwa utani mtupu, mara "huko si ndiko zinakotoka fulana", mara "bora Canada". Nimeona nimjibu kwa kirefu, maana nilitua hapa Februari 2023, na mwaka wa tatu unakaribia kuisha. Niko kwenye shirika moja la mikopo midogo. Nitataja bei na shida zake, na mwishoni nina jambo linaninyima usingizi, naomba muongozo.

Kwanza watu. Bangladesh nzima inaingia ndani ya Tanzania mara sita na chenji inabaki, ila watu wao wanapita milioni 170. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2025 imeiweka Dhaka kuwa jiji la pili duniani nyuma ya Jakarta, watu karibu milioni 37. Chukua Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, zaidi ya nusu yao wasukume kwenye jiji moja, na lenyewe limekaa bondeni kati ya mito. Kariakoo ile ya siku mbili kabla ya Idi, hapa ndiyo Jumatatu ya kawaida.

Hela yao inaitwa taka. Siku ya kwanza jamaa wa ofisini ananiuliza "taka ache?", yaani una hela, mimi nageuka kutafuta pipa liko wapi. Taka moja ni kama shilingi 20 za kwetu, hesabuni wenyewe: chai ya maziwa kibandani taka 10. Wali, dengu na kipande cha samaki kwenye hoteli ya wafanyakazi 130, na dengu unaongezewa bila kuombwa. Treni ya juu inaanzia taka 20, na kutoka Uttara mpaka Motijheel, kilomita 20 hivi, ni 100. Nyumba yangu ya vyumba vitatu Mirpur nalipa 22,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka ya miezi miwili mbele. Miwili! Nyie mnaolipa sita Sinza mko hapo?

Kwenye mfuko unafurahi. Unacholipia sana hapa ni saa. Kabla treni haijafunguliwa Desemba 2022, wenyeji wanasema kutoka Mirpur kwenda katikati ya mji ulikuwa unaaga nyumbani kama unasafiri. Leo napanda Mirpur 10, robo saa niko Karwan Bazar ofisini. Nikadhani nimeyapatia maisha. Julai 2024 zikaja vurugu, mnazikumbuka, zile zilizomtoa waziri mkuu Sheikh Hasina Agosti 5. Intaneti ikazimwa nchi nzima, nyumbani Tanga wakakaa siku kadhaa hawajui kama niko hai. Kituo changu kikavunjwa vioo na mashine za tiketi, hakikufunguliwa mpaka Oktoba. Miezi mitatu nikaijua Dhaka yenyewe, ya basi.

Basi la hapa halisimami. Linapunguza mwendo, konda anapiga bodi ya basi kofi, wewe unaruka. Ukishuka anakukumbusha utangulize mguu wa kushoto, maana ukitanguliza wa kulia basi linakuangusha kifudifudi. Dereva anaitwa "ostad", ni ustadhi huyuhuyu wetu. Kukiwa na gari dogo ubavuni konda anapiga kelele: "Ostad, kushoto plastiki!" Plastiki ndiyo gari binafsi la tajiri, likiguswa tu linabonyea. Basi lenyewe halina eneo la upana wa kiganja ambalo halijakwaruzwa, kwa hiyo linajiona chuma. Kilomita nane, saa mbili. Siku ya mvua, tatu.

Riksho je? Dereva wake unamwita "mama". Kwa Kibangla mama ni mjomba, kaka wa mama yako. Mwanamume mzima natoka getini asubuhi naita mzee mwenye ndevu nyeupe: "Mama, jaben?" Mama, utanipeleka? Mwezi wa kwanza nilikuwa nacheka peke yangu. Riksho zimechorwa kila kitu: tausi, simbamarara, waigizaji wa sinema, na UNESCO waliziingiza riksho na michoro yake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2023. Wengi sasa wamefunga betri, mtaani wanaziita Tesla. Zinakimbia, breki zilezile za baiskeli. Mkipanda, mjue mlichopanda.

Nyumba nilihangaika wiki sita. Kazini walinianzishia Gulshan, mtaa wa balozi, nikaona naishi kwenye chupa, nikaamua kuhama. Vibao vya kupangisha vimejaa kwenye nguzo, ila chini kimeandikwa: familia tu. Bachela hatakiwi, awe Mbangla au nani. Na mimi nina ziada mbili: mgeni, na mweusi. Kuna kesi za matapeli wa mtandaoni ambazo baadhi ya Waafrika walikamatwa, magazeti yakapamba, basi kila mwenye nyumba alikuwa ananiuliza kwanza kama mimi ni mchezaji wa mpira, nikikataa uso unabadilika. (Wachezaji kutoka Nigeria na Ghana wapo wengi, wengine wanakodiwa hadi mechi za vijijini.) Aliyenikubali alinikubali baada ya kuniona msikiti wa mtaa Ijumaa mbili mfululizo. Sikwenda kwa ajili yake, ila sikumsahihisha. Geti linafungwa saa tano usiku, mlinzi akishalala ni juu yako.

Sasa jambo langu. Kila nyumba hapa ina mama wa usafi, wanamwita "bua". Mimi namwita khala, mama mdogo, kama Waunguja wanavyosema khaloo. Halipwi kwa siku, analipwa kwa kazi: kila kazi na bei yake kwa mwezi. Kupiga deki taka 1,000, kufua 1,000, kupika 3,000. Kwangu anafanya zote tatu, 5,000, yaani laki moja ya kwetu. Ana nyumba sita kwenye jengo letu na la mbele. Anaingia kwangu saa moja na nusu, anaweka chini kisu chao kinaitwa boti: kina ubao chini kama mbuzi ya nazi, kisu kimesimama wima, anakanyaga ubao kwa mguu, samaki ndiye anayesogezwa kwenye makali. Samaki mzima anaisha kabla sijafunga kamba za viatu.

Agosti mvua ilijaza mtaa mpaka magotini. Akaja hivyohivyo, sari imelowa hadi kiunoni, maji ya mtaroni hayo. Nikaona aibu. Mwezi huo nikampandishia, 8,000, na Ijumaa apumzike. Nikajiona mtu mwema.

Siku kumi baadaye mke wa mwenye nyumba kashuka na bakuli la payesh, wali wa maziwa wa sukari, mzuri ajabu. Nilipomaliza kijiko cha tatu akaniambia kwa upole: bhai (yaani kaka), unatuharibia soko. Mabua wengine wamesikia, nao wanataka. Wapangaji wawili wamemwachisha khala ili wengine wajifunze. Nyumba mbili zile zilikuwa zinamlipa 3,500 jumla. Mimi niliongeza 3,000. Piga hesabu.

Nifanyeje wakuu? Nirudishe? Niongeze tena? Nitafute wale wapangaji?

#2 Mkaanga Sumu wa Buguruni

Mkuu uzi mtamu, ila umeruka la msingi. Ugali upo?

#3 Mtanga Mbali

Haupo. Mahindi wanalima sana, ila wanaoyala ni kuku. Nikimwambia mtu kwetu ndio chakula ananihurumia. Suji (semolina) nimejaribu kusonga, inashika, ila ukifunga macho bado unajua. Kinachonifariji ni bhorta: viazi, bilinganya, dagaa wakavu, chochote, kinapondwa kwa vitunguu, pilipili na mafuta ya haradali, unakula na wali kwa mkono, hakuna anayekushangaa. Mvua ikinyesha mji mzima unapika khichuri, mchele na dengu pamoja. Harufu inapita kwenye ngazi unajua kabisa leo ofisi itachelewa.

#4 Wa Githurai 45

Mimi ni Mkenya, niko Baridhara mwaka wa pili. Ndugu, pole, ila hiyo shida umejitafutia. Mgeni akienda kukaa Mirpur kwa bei ya mwenyeji, atapata na kesi za mwenyeji. Huku kwetu kuna jenereta, lifti, askari usiku kucha, hakuna wa kukuuliza kama uko na bibi. Naam, nalipa mara tano ya wewe, na kahawa Gulshan 2 ni bei ya Nairobi. Lakini nalala. Hata mpishi wangu nilimpata kwa bei ya mtaa wa wageni na hakuna jirani aliyekuja na uji.

Kitu kimoja unasema ukweli: saa. Nilikosa ndege mara moja nikiwa nauona uwanja.

#5 Mtanga Mbali

Bosi sikatai. Ila huko Gulshan nilikaa miezi mitano sikujifunza neno moja la Kibangla zaidi ya "dhonnobad", asante. Huku wiki mbili tu nikagundua nusu ya lugha tayari ninayo: gari ni gari, dokan ni duka, kolom ni kalamu, khobor ni habari, hishab ni hesabu, ukil ni wakili, duniya ni dunia, hata bima ni bima. Muuza duka wangu nilimsomea orodha hiyo akafunga duka dakika kumi tukanywa chai. Hawa lugha yao waliifia, Februari 21, 1952, wanafunzi walipigwa risasi wakiipigania. Ndiyo siku hiyo dunia nzima inaadhimisha lugha mama. Nikamwambia na sisi tuna Julai 7 ya Kiswahili. Akauliza: na nyie walikufa wangapi? Sikuwa na jibu.

#6 Mwana wa Jinja

Nilisoma IUT, chuo cha OIC (jumuiya ya nchi za Kiislamu) kule Gazipur, kaskazini ya Dhaka. Waganda tulikuwepo, Wakomoro pia. Kuja mjini kilomita 30 tulikuwa tunatoka asubuhi tunafika mchana. Wewe mwenye treni usilalamike.

Nakumbuka Idi. Mji unahama. Watu wote wanarudi kwao, kule bandari ya mtoni ya Sadarghat meli zinajaa mpaka juu ya paa. Sisi wageni tunabaki na Dhaka tupu, barabarani unasikia ndege wa mitini. Siku tatu tu.

#7 Shungi la Mtoni

Naongea kama mwanamke, nilikaa Dhanmondi mwaka mmoja na miezi minne. Wanaume mnasimulia basi kama mchezo. Kwa dada basi la saa kumi na moja jioni si mchezo, viti vya wanawake vipo mbele karibu na dereva lakini uvifikie ukiwa mzima. Treni ndiyo ilinikomboa: behewa la kwanza ni la wanawake peke yao. Mle ndani niliona wanafunzi, madaktari, mashangazi wa sokoni, wote wameinua simu, hakuna anayemgusa mwenzake.

Macho utayazoea. Nilivaa mtandio wao, orna, nikiitwa "apa", yaani dada, nageuka. Nywele zangu za rasta ndizo zilizokuwa sinema, watoto wa jirani walikuwa wanazihesabu.

Anayekwenda achukue na hili: Novemba mpaka Februari hewa haivutiki. Matanuri ya matofali yamezunguka mji, vumbi la ujenzi, moshi wa mabasi. Shuka jeupe nililianika kibarazani asubuhi, jioni limekuwa la kijivu. Mwenye pumu afikirie mara mbili.

#8 Mtanga Mbali

Hili la hewa Apa kaniokoa, nilitaka kulisahau na leo Desemba nakohoa hapa.

Ongezeni na kidingapopo. 2023, mwaka niliofika, dengue iliua watu zaidi ya 1,700 nchi nzima, mbaya kuliko miaka yote kabla yake. Na mimi niliugua Septemba. Siku ya nne mifupa ilikuwa kama inafunguliwa kwa spana. Mlinzi wa geti, mtu ambaye mshahara wake sithubutu kuuliza, alikuwa ananiletea maji ya dafu kila jioni na hakutaka hela.

Tumbo nalo. Nilikula fuchka ya barabarani, kitafunio chao, mwezi wangu wa pili tu hapa, usiku nikapakiwa kwenye bajaji (hapa wanaziita CNG, za kijani, zina nondo kama kizimba cha kuku ili vibaka wasichomoe simu). Mwenzangu akamwambia dereva maneno mawili tu: "Kolera haspatal." Ni hospitali ya kipindupindu ya kituo cha utafiti cha icddr,b pale Mohakhali. Mjue hiyo ORS mnayowakorogea watoto kuhara kunapowashika, watu wa hapo ndio walioijaribu kwa wagonjwa wa kipindupindu mwaka 1968. Nikalala kwenye kitanda chao chenye tundu katikati na ndoo chini, heshima yote imeisha, asubuhi nikatoka natembea. Hawakunidai hata taka moja. Hawamdai mtu.

#9 Kinyozi Msema Kweli

Mkuu nimesoma yote. Swali moja. Kwako Tanga mnaye dada wa kazi?

#10 Mtanga Mbali

Tunaye.

#11 Kinyozi Msema Kweli

Mnampa ngapi?

#12 Mtanga Mbali

Elfu tisini. Analala hapohapo.

#13 Kinyozi Msema Kweli

Kumbe unamlipa khala wa kazi ya saa mbili zaidi kuliko binti anayelala jikoni kwenu, halafu unakuja kutuomba muongozo wa utu. Anzia nyumbani.

#14 Mkaanga Sumu wa Buguruni

Aisee. Kinyozi leo kashika wembe mkavu.

#15 Mtanga Mbali

Sina cha kujitetea. Nilimpigia mama watoto jana usiku, tumekubaliana laki na thelathini kuanzia Januari na Jumapili yake. Akaniuliza, "Bangladesh ndiko ulikotumwa ujifunze hilo?"

Lakini Kinyozi, na hili uliangalie. Mirpur asubuhi saa moja barabara inajaa mabinti wa viwandani, maelfu, kila mmoja na kopo la chakula mkononi, wanatembea haraka bila kuongea. Kima chao cha chini tangu Desemba 2023 ni taka 12,500 kwa mwezi, robo milioni yetu. Fulana niliyovaa inatoka hapo, na yako pengine. Jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza lilipoanguka Savar mwaka 2013 waliuawa zaidi ya 1,100. Mimi nilikuja nikifurahia kila kitu rahisi. Chai rahisi, nguo rahisi, nyumba rahisi. Sasa kila nikilipa naona mkono wa mtu. Sisemi nimekuwa walii, nimekuwa msumbufu tu. Jana nimeshindwa hata kupatana bei ya riksho, nikampa mama alichotaka, akanishangaa.

#16 Wa Githurai 45

Ulipata suluhu na yule khala ama tutaishi hivi?

#17 Mtanga Mbali

Amelimaliza mwenyewe. Asubuhi leo nilimkalisha, nikamwambia kwa Kibangla changu cha kuokoteza kwamba nimemharibia na naomba radhi. Alikuwa anapara ilish, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Hakuacha kupara. Akasema, bhai, mbona hukuniuliza kabla?

Mpango wake ni huu. Nimtangazie mke wa mwenye nyumba kwamba tumerudi 5,000, na nionekane nimekasirika kidogo. Ijumaa aje kama kawaida, asipumzike. Hizo 3,000 nizitume kwa bKash (ndiyo M-Pesa yao) kwenye namba ya binti yake Barishal, anayesoma, siku yoyote isiwe ya mshahara. Zile nyumba mbili moja imeshamwita tena, mama wa hapo hawezi kukata samaki.

Nikamuuliza, na Ijumaa yako? Akasema Ijumaa ndiyo siku anayokunywa chai kwangu bila haraka, kwa wengine wote haruhusiwi kukaa. Mimi nilikuwa namnyima nikidhani nampa.

Nimeshapanda juu kurudisha bakuli la payesh na kukasirika. Nadhani niliigiza vizuri, nimerudi na bakuli jingine.

#18 Mgeni Njiani

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza wiki ile. Nimesoma mpaka mwisho. Nimesaini mkataba, naondoka Februari na Ethiopian. Mtanga Mbali, nibebe unga kilo ngapi?

#19 Mtanga Mbali

Kumi. Na dagaa acha, huku wamejaa. Chumba kimoja kwangu kiko wazi mpaka upate chako, ila Ijumaa tutapita wote msikitini kwanza, mwenye nyumba akuone.